Mpingo Wetu, Bisibisi Yao: Ugomvi Wangu na Klarineti

Leo sitaandika kuhusu Linux, wala kuhusu namna ya kuweka tovuti yako hewani. Leo nina ugomvi na klarineti.

Najua wapo watakaouliza: mtu wa kompyuta na klarineti wapi na wapi? Jibu ni fupi. Hapa Dunga, ukishajulikana kwamba una bisibisi ndogo, kila kitu chenye skrubu kitafika mlangoni kwako. Taa za sola za wavuvi wa omena, mizani ya samaki, redio, vyerehani. Na kwa kuwa Kisumu ina shule na makanisa yenye bendi, siku moja ikaja klarineti. Iliyofuata ikaja kwa sababu ya ile ya kwanza. Sasa miezi ya kabla ya mashindano ya Kenya Music Festival meza yangu huwa imejaa mabomba meusi kuliko nyaya.

Nimezifungua za kutosha kuwa na maoni, na maoni yangu ni haya: klarineti ni chombo kilichofikiriwa vizuri sana kwa ajili ya anayepuliza na anayesikiliza, na kikasahauliwa kabisa kwa upande wa anayefungua. Kila mara nikisema hivyo naambiwa tatizo ni kwamba sisi huku hatuna mafundi. Nakataa. Chombo kinachouzwa dunia nzima lakini kinatengenezeka vizuri katika miji michache tu kina kasoro ya usanifu. Kumlaumu fundi wa Kisumu kwa hilo ni kama kumlaumu mtumiaji kwa sababu programu yako imeanguka.

Twende polepole, nisije nikaonekana nimeamka vibaya.

Kwanza nitetee chombo. Klarineti ina vibonyezo vingi kwa sababu ya haki kabisa. Bomba lake lina upana karibu ule ule toka juu hadi chini, na upande wa mdomo limezibwa. Bomba la namna hiyo likipandishwa sauti halirudii noti ile ile oktava moja juu, kama filimbi au saksafoni zifanyavyo. Linaruka hadi noti ya kumi na mbili. Kwa hiyo pale ambapo mpiga filimbi anatumia vidole vile vile kuanza upya baada ya noti nane, mpiga klarineti bado ana noti nyingine za kujaza katikati. Matundu yanafika kama 24. Vidole ni kumi, na dole gumba la kulia halipigi kitu, limebeba chombo. Vidole tisa, matundu 24: fanya hesabu. Lazima kuwe na mitambo ya kufungua na kufunga matundu ambayo vidole havifikii. Hiyo ni fizikia, na mimi sigombani na fizikia.

Mtambo tulio nao leo si mpya hata kidogo. Johann Christoph Denner wa Nuremberg, ambaye kwa kawaida ndiye hutajwa kuwa mbunifu wa klarineti mwanzoni mwa miaka ya 1700, alianza na vibonyezo viwili tu. Mfumo ambao watoto wengi wa shule wanatumia leo uliundwa Paris na mwalimu wa klarineti Hyacinthe Klosé akishirikiana na fundi Louis-Auguste Buffet. Ulionyeshwa mwaka 1839, ukapata hataza mwaka 1844. Kuna vibonyezo 17 na pete sita, na mpangilio wake haujabadilika sana tangu hapo. Sisi kwenye kompyuta tunalalamika tukikuta mfumo wa benki ulioandikwa miaka ya 1970. Hawa wenzetu wanatumia toleo la 1844!

Sasa nianze mashtaka.

Shtaka la kwanza: vipande vimefungamana, na hakuna pa kurekebishia.

Chukua klarineti, angalia kipande cha chini. Kuna vibonyezo vinavyochezwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Ukibonyeza kile cha noti ya chini kabisa, pedi mbili lazima zizibe matundu mawili kwa wakati mmoja. Si kwa kukaribiana, ni wakati mmoja. Kinachoziunganisha ni kipande cha chuma chenye ncha zilizotanuka, ambacho mafundi wa Ulaya hukiita mguu wa kunguru. Mguu huo ukiwa juu kidogo tu, pedi moja inafika kabla ya nyingine, ile nyingine inabaki wazi kwa unene wa karatasi ya sigara, na noti haitoki. (Karatasi ya sigara si mfano wa kunogesha, ndicho kipimo chenyewe. Unakata ukanda mwembamba, unauweka chini ya pedi, unafunga, unavuta. Ukitoka bila kukwama, pedi inavuja.)

Halafu noti hiyo hiyo inaweza kupigwa kwa kidole kidogo cha kushoto pia, kwa mkono mrefu unaopita juu ya kipande kizima na kuungana na vibonyezo vile vile kwa pini ndogo. Kwa hiyo una njia mbili za kufika kwenye pedi mbili, na zote zinapita kwenye chuma kimoja kisicho na skrubu ya kurekebisha.

Unarekebishaje basi? Unapinda. Naam, unachukua koleo, unaushika mguu wa kunguru, unaupinda kwa kukadiria. Au unakwangua kizibo laini kilichobandikwa chini yake, unajaribu, unakwangua tena. Ukizidisha, unabandika kipya unaanza upya. Na ukishapata upande wa kulia, unakuta wa kushoto umeharibika.

Wenzangu wa programu mnajua ugonjwa huu. Ni ile programu ambayo ukibadilisha rangi ya kitufe, malipo ya wateja yanakataa. Kila sehemu inajua mambo ya sehemu nyingine, na hakuna mpaka kati yao. Tumefundishwa tangu darasa la kwanza la kompyuta kwamba mfumo wa namna hiyo haudumishiki. Mbona tunapoukuta kwenye chuma tunauita ufundi wa hali ya juu?

Ninachoumia zaidi ni kwamba wanajua dawa! Angalia karibu na juu ya klarineti, mahali pale ambapo vibonyezo viwili vya kidole cha shahada cha kushoto vinagusana. Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha. Unazungusha kidogo, kazi imekwisha, nusu dakika. Waliweka moja pale, wakaona imefanya kazi, wakaiacha peke yake. Oboi imejaa skrubu kama hizo. Saksafoni nayo inazo. Zipo klarineti chache za bei ya juu zilizowekewa skrubu kwenye mguu wa kunguru, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia haiwezekani. Inawezekana. Hawakuona umuhimu wa kuiweka kwenye klarineti ya mtoto wa shule, ambayo ndiyo inayoangushwa kila wiki.

Shtaka la pili: daraja.

Klarineti hugawanyika vipande vitano: cha mdomoni, pipa, cha juu, cha chini na kengele. Hapo nawapongeza, maana naweza kupima kila kipande peke yake. Naziba matundu ya kipande cha juu, nanyonya hewa, nasikia kama kinavuja. Kisha cha chini. Hivyo ndivyo tunavyopima programu, sehemu moja moja.

Lakini kati ya kipande cha juu na cha chini wakaweka daraja: ulimi mmoja wa chuma juu ya mwingine, ili pete za mkono wa kulia zifunge pedi iliyoko upande wa mkono wa kushoto. Kila mara chombo kinapounganishwa, mchezaji lazima abonyeze pete za juu ili ulimi unyanyuke, azungushe, kisha alinganishe kwa macho. Akikosea kwa upana wa ukucha, pedi haifungi sawasawa. Akisahau kunyanyua, ulimi unapindika au kizibo chake kinabanduka. Hakuna alama, hakuna kizuizi, hakuna kitu kinachomwambia mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba hapo sipo.

Daraja ndilo tatizo ninaloletewa mara nyingi kuliko yote. Na karibu kila mara klarineti huja na hukumu iliyoandikwa tayari: mtoto mzembe. Hapana jamani. Plagi ya umeme haiingii kichwa chini, kwa sababu aliyeitengeneza alijua watu hufanya haraka. Usanifu unaotegemea kila mtu akumbuke, kila siku, jambo lisiloonekana, utavunjika. Huo si uzembe wa mtoto.

Tena mbaya zaidi, kosa halionekani mahali lilipo. Pedi ya juu ikivuja, noti zinazogoma ni za chini. Mwalimu anaandika kwenye karatasi: "noti za chini hazitoki", na fundi asiyejua anaanza kubadilisha pedi za chini ambazo hazina hatia. Nimepokea klarineti iliyokuwa imebadilishwa pedi zote za chini, kwa pesa ya wazazi, na ugonjwa ulikuwa juu kabisa. Mfumo usiotoa ujumbe wa kosa unamfanya hata fundi mwaminifu aonekane mwizi.

Shtaka la tatu: tundu moja, kazi mbili.

Nyuma, karibu na dole gumba la kushoto, kuna tundu dogo lenye mrija. Kazi yake ya kwanza ni kuirusha sauti kwenda ile noti ya kumi na mbili. Kwa kazi hiyo linapaswa kuwa dogo na kukaa juu. Kazi yake ya pili ni kutoa noti moja ya shingoni, na kwa kazi hiyo lingetakiwa liwe kubwa na likae chini zaidi. Wakalifanya liwe la kati na kati, yaani halifai vizuri kwa lolote. Ndiyo maana kila mpiga klarineti duniani ana noti moja ya shingoni inayosikika kama mtu mwenye mafua. Na kama mrija umeshika uchafu, una matatizo mawili kwa bei ya moja.

Waliojaribu kuzitenganisha kazi hizo wapo. Mmarekani Rosario Mazzeo alibuni mfumo wa kufanya hivyo katika karne ya 20, na kampuni ya Selmer ikautengeneza. Haukuenea. Wapigaji walikuwa wameshazoea kuizunguka kasoro, na kasoro iliyozoeleka huitwa mapokeo. Sisi tuliowahi kuandika kurasa za kuzunguka kasoro za Internet Explorer 6 tunajua hadithi hiyo hadi mwisho wake.

Shtaka la nne, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: skrubu.

Mwaka 1841, miaka mitatu kabla ya hataza ya klarineti ile, Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kwamba nyuzi za skrubu ziwe na vipimo vya aina moja nchini mwake. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na skrubu zake. Leo boliti ya kipimo fulani niliyonunua Kibuye itaingia kwenye nati ya kipimo hicho iliyotengenezwa Uchina, na hakuna anayeshangaa.

Kwenye klarineti bado tupo kabla ya 1841. Kila kiwanda kina mihimili yake na skrubu zake, na modeli mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Skrubu ndogo ya kushikilia kibonyezo ikianguka kwenye nyasi za uwanja wa gwaride, chombo kizima kimekufa. Nimeandikia duka moja la ng'ambo (silitaji) nikiomba skrubu moja. Nikajibiwa nitume klarineti nzima ili waitazame! Gharama ya kusafirisha kwenda na kurudi ingemnunulia mtoto nyingine.

Hebu linganisha na vitu vilivyotuzunguka hapa ziwani.

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ile ile ya kuvulia samaki. Ukikatikiwa na uzi Dunga, unatembea hadi duka la nyavu, unarudi, unafunga, unakaza, unaendelea na wimbo. Daraja lake limeshikwa kwa nta. Ngozi ikilegea utapata nyingine kwa mchinjaji. Hakuna sehemu ya nyatiti ambayo lazima ivuke bahari ili ipone. Wapo wanaoiita chombo cha kizamani na klarineti chombo cha kisasa. Kisasa gani hicho kinachokaa kabatini miaka minne kwa kukosa skrubu?

Au tuache muziki. Injini ndogo nyingi za boti zina pini laini kwenye propela, iliyowekwa makusudi ivunjike. Ukigonga jiwe pini inakatika, gia zinapona. Mvuvi ana pini nyingine kwenye kopo. Mtu aliyebuni pini hiyo alimfikiria mvuvi akiwa katikati ya maji, mbali na kiwanda, jua linazama. Nilimwonyesha fundi mmoja wa injini hapa ufukweni klarineti ikiwa imefunguliwa mezani, vibonyezo vimepangwa kwa mstari ili nisisahau kipi kilitoka kwanza (maana ili kufika kwenye pedi moja ya kipande cha chini mara nyingi lazima utoe vibonyezo vingine ambavyo havina tatizo). Akaangalia kwa muda, akasema: "Omera, aliyetengeneza hii hakuwahi kuvunjikiwa."

Sijawahi kusoma uhakiki wa usanifu uliofupishwa vizuri hivyo.

Sasa tuzungumzie chuma. Vibonyezo vya klarineti nzuri ni vya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hupindika bila kukatika. Hiyo ndiyo sababu mbinu ya kupinda inawezekana. Lakini zile za bei ya chini kabisa, ambazo ndizo hununuliwa kwa wingi na ndizo hutolewa kama msaada, nyingi zina vibonyezo vya chuma laini cha kumimina. Huo ukiupinda, unakatika. Ona mtego: usanifu unadai upindwe ili urekebike, na malighafi haikubali kupindwa. Chombo hicho kilikuwa takataka siku kilipotoka kwenye sanduku, ila kilikuwa kinang'aa kwa ajili ya picha ya makabidhiano.

Na mbao je? Hapa ndipo ugomvi unapokuwa wa nyumbani.

Klarineti bora duniani hutengenezwa kwa mpingo. Mpingo ni wetu, Afrika Mashariki. Msumbiji na kusini mwa Tanzania, Kilwa na Lindi, ndiko unakovunwa. Mti huo huchukua kama miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ni mzito hivi kwamba kipande chake ukikitupa ziwani pale gatini Dunga kitazama kama jiwe. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, na nawavulia kofia wanavijiji wale. Mwaka 2017 biashara ya miti yote ya jamii hiyo iliwekewa masharti ya CITES, na mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Wenye viwanda vya ala na wapigaji walilalamika hadi wakasikilizwa. Vizuri. Kwa hiyo watu hawa wanajua kukutana, kuandika barua na kubadilisha kanuni za dunia wakiguswa.

Basi mbona hawajawahi kukutana kuhusu skrubu?

Mbao inakwenda Ulaya kama mbao, inarudi kama klarineti, na ikivunjika inatakiwa irudi tena Ulaya. Mti uliokua miaka 80 kwenye udongo wa Lindi unashindwa kulia Kisumu kwa sababu ya kipande cha chuma cha milimita chache ambacho hakuna karakana hapa inayojua vipimo vyake. Mimi nikiuita huo ukoloni mtaniambia nimekuza mambo. Haya, siuiti hivyo. Nauita usanifu mbovu, na usanifu mbovu una mwenyewe.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

"Fundi hodari hahitaji skrubu za kurekebishia, anapinda kwa mkono." Kweli, na wapo hodari wa hivyo, nawaheshimu. Lakini usanifu unaohitaji gwiji kwa kila kazi ndogo umeshindwa. Programu inayoweza kurekebishwa na mtu mmoja tu aliyeiandika haiitwi programu bora, inaitwa hatari.

"Skrubu zitaongeza uzito, na zitalegea." Ile moja ya juu mbona hailegei? Ikilegea, tone la gundi ya skrubu linaishika. Oboi imebeba kumi na zaidi na wapigaji wake hawajalalamika mikono.

"Mapokeo ya chombo yaheshimiwe." Mwaka 1812 Iwan Müller alipeleka klarineti yake ya vibonyezo 13 mbele ya tume ya Conservatoire ya Paris, na tume ikaikataa. Miaka michache baadaye wachezaji walikuwa wanaitumia kwa sababu ilifanya kazi. Klosé na Buffet wenyewe walivunja mapokeo. Kuwaheshimu ni kufanya walichofanya, yaani kuboresha.

"Nunua chombo kizuri basi." Nani anunue? Shule inayochangisha nauli ya kwenda mashindanoni?

Ninachodai si kikubwa. Nadai mambo manne. Moja: skrubu ya kurekebisha kwenye mguu wa kunguru na kwenye daraja, kwa kila klarineti ya mwanafunzi. Mbili: skrubu na mihimili ya vipimo vya kawaida vya milimita, na vipimo hivyo vichapishwe, ili fundi wa jua kali mwenye mashine ndogo ya kukereza aweze kuchonga mhimili mwingine. Tatu: kizuizi au alama kwenye ungio ili daraja lisiweze kuwekwa vibaya. Nne: mchoro wa kufungua, wenye mpangilio wa kipi kinatoka kwanza, uwekwe kwenye sanduku na kwenye intaneti, bure.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa sauti. Hakuna linalohitaji uvumbuzi. Na dunia inaelekea huko kwa vitu vingine: Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuzilazimu simu na kompyuta ndogo ziuzwe zikiwa na alama ya jinsi zinavyorekebika, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la haki ya kurekebisha linalogusa vifaa kama mashine za kufulia na simu. Kwa nini mashine ya kufulia ipate haki ambayo klarineti haina?

Wakati tunasubiri, tusikae mikono mitupu. Springi zilizoliwa na kutu (na upepo wa ziwa huzila haraka) unaweza kuzibadilisha kwa sindano ya kushonea: ipashe moto polepole mpaka igeuke rangi ya buluu ili isikatike, ikate, iponde kitako chake, ichomeke kwenye nguzo. Kizibo cha chupa ya mvinyo kikikatwa kwa wembe kinatosha chini ya vibonyezo. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa mihimili, tone moja, si zaidi. Tochi ndogo ndani ya bomba, gizani, itakuonyesha pedi inayovuja. Na kabla hujagusa chochote, piga picha. Simu yako ndiyo kitabu cha maelekezo ambacho kiwanda kilikataa kukuandikia.

Na walimu wa bendi, tafadhali: mkipewa msaada wa ala, kabla ya kupiga picha na mfadhili muulizeni swali moja tu. Skrubu ikipotea, tutaipata wapi? Akikosa jibu, mwambieni alete ala chache zaidi na kopo la vipuri. Kuna watoto upande huu wa ziwa waliofanya mazoezi mwaka mzima, wakakaa benchi siku ya mashindano kwa sababu ya pedi moja isiyofunga. Hao ndio wanaolipa deni la usanifu wa 1844, na hakuna aliyewauliza.

Hayo ndiyo yangu. Kama wewe ni fundi wa ala, Nairobi, Mombasa, Dar, popote, na unajua vipimo vya skrubu za klarineti yoyote, niandikie. Nimeanza kupima kila skrubu inayopita mezani kwangu na kuiweka kwenye orodha, modeli kwa modeli, na orodha hiyo itakuwa wazi kwa kila mtu. Wao hawakuichapisha. Tutaichapisha sisi.